Mkataba Usio na Jina la Mama

Nengo, Gisenyi, 3 Machi 2024

Binti yangu Umuhire,

Hamjambo huko Brussels? Huku tu wazima, ni mgongo tu unaonisumbua asubuhi. Vijana wa kampuni ya ulinzi wamemaliza leo: king'ora mlangoni, kamera getini, nyingine uani, na moja sebuleni, juu ya meza ya kulia.

Nashukuru mnavyonijali tangu jirani yangu Kankindi alipoibiwa. Lakini mkataba nimeusoma, mwanangu, na umenikera. Ada ya kila mwezi inapita mshahara wa zamu wetu Tuyisenge, mlinzi wa geti, ambaye mmetaka nimwachishe kazi. Tumefungwa miaka mitatu, bei wanaweza kupandisha wao, kifaa kikiharibika tunalipa sisi, na mwizi akija watafika "mapema iwezekanavyo". Tuyisenge alikuwa anafika kabla sijamaliza kumwita. Nani aliwashauri?

Mama yako

Brussels, 9 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, baridi tu. Pole na mgongo.

Usikasirike. Zamu anakula kwako, anaugua, akifiwa anakwenda kwao Busasamana wiki nzima na geti linabaki na Mungu. Tulilinganisha kampuni kadhaa. Hii haikutoza gharama ya kufunga vifaa, kwa sababu tulikubali miaka mitatu. Mume wangu Shyaka ndiye aliyesaini, maana inalipwa kwa kadi yake. Wewe lala usingizi.

Mwanao

Brussels, 6 Julai 2024

Mama,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya hiki kirefu, kazi zimenibana. Unaendeleaje? Mbona siku hizi unakula kidogo? Sambaza, vile visamaki vya ziwani, unaziacha sahanini, unasukuma sahani, unakaa tu. Nenda kwa daktari, tafadhali.

Mwanao

Nengo, 10 Julai 2024

Umuhire,

Mgongo umepoa. Hasira ndiyo imepanda.

Nilijiuliza umejuaje habari za sahani yangu, nikaenda ofisini kwao mjini. Kijana wao Cedric akaniambia picha za sebuleni zinakwenda Ulaya, kwenye simu ya Shyaka. Simu ya mkwe wangu. Umelelewa na mimi, unajua kwetu mama mkwe hatafuni mbele ya mkwe wake. Mlipokuja Krismasi, mimi nilikula jikoni na Shyaka hakuuliza, maana naye anajua. Kumbe tangu Machi namega ugali na kunyonya miiba ya samaki mbele ya macho yake. Naona aibu hata kuandika.

Nikamwambia Cedric aje aitoe leo hii. Akasema: "Mama, mi siwezi. Contrat iko na jina ya Shyaka. We si client."

Mimi si mteja, katika nyumba niliyojenga na baba yako nikibeba kichwani maji ya kukandia udongo. Mtu aliye Brussels ndiye anaamua nionwe au nisionwe. Na kuitoa kabla ya miaka mitatu ni kuvunja mkataba, kuna faini. Mkataba wa namna hii haulindi nyumba, unanilinda mimi nisitoroke.

Mwambie mumeo aandike itolewe. Mpaka hapo nakula jikoni, kwenye kigoda, kama mgeni asiyependwa.

Mama yako

Brussels, 13 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikalia.

Shyaka hajakuona ukila. Siku ya kwanza alifungua picha, akakukuta unavuta kiti mezani, akanikabidhi simu. Siku hiyohiyo tulihamishia picha kwenye simu yangu, kampuni haikuambiwa. Anayetazama ni mimi. Jioni naegemeza simu kwenye glasi, ukianza kula na mimi naanza. Huku nakula na ukuta, Mama, Shyaka anatoka kazini usiku.

Leo ameandika kamera ya sebuleni itolewe na mkataba uwe kwa jina lako. Faini tutalipa.

Mwanao

Nengo, 16 Julai 2024

Umuhire,

Mimi mzima. Msalimie sana Shyaka, mwambie amelelewa vizuri na yameisha kati yetu.

Cedric amekuja na ngazi, ameitoa. Nimesaini mkataba mpya wa geti, uani na mlango tu, na Tuyisenge amerudi kazini.

Lakini wewe bado nina hasira nawe, na hizi ni zako peke yako. Tangu Machi ulikuwa unakula na mama yako kila jioni. Mimi nilikuwa nakula peke yangu.

Mama yako