Baba, Mjomba Makame Amekuja

Baba,

Shikamoo. Leo ni siku ya tano tangu tukuzike. Nimekaa kwenye kiti chako hapa mtaani Malindi, nina habari uliyoingoja miaka mingi: Mjomba Makame amekuja nyumbani.

Nianze na siku ya maziko. Kabla ya jeneza kunyanyuliwa msikitini, sheikh aliomba kama ilivyo ada, mwenye kinyongo na marehemu amsamehe. Watu wakaitikia, "Tumemsamehe." Mimi nilikuwa nautazama mdomo wa Mjomba. Haukutikisika. Nilikushusha kaburini nikijua unaondoka bila ya radhi ya kaka wa mke wako.

Na wewe pia nilikukasirikia, maana nilisikia ugomvi wenu ulitokana na kazi yako. Polisi wa jeshi, kazi gani ile? Nilipokuwa mdogo uliniambia kila jeshi tangu zamani huwa na watu wa kulishika lenyewe, maana mwenye bunduki akikosa wa kumkataza, raia ndio wanaoumia. Niliyapenda sana maelezo hayo. Siku za sikukuu nilikuwa nakuona bandarini, kitambaa chenye herufi MP mkononi, na askari wanaoshuka kwenye boti ya Dar wakivaa kofia mbio mbio wakikuona, wakitafuta karatasi zao za likizo mifukoni. "Polisi wa kawaida akimkamata mwanajeshi hutuita sisi," ulikuwa ukisema, kifua mbele. Ulisema mlipoanza mlikuwa wachache hata mkigawana baiskeli mbili. Hukuniambia kwamba kazi hiyo iliwahi kukupeleka kwa shemeji yako.

Juzi, siku ya hitma, Mjomba aliingia ukumbini kwetu kwa mara ya kwanza katika umri wangu wote. Nilimtilia kahawa. Akaanza kusimulia bila ya kuulizwa, Mama akisikiliza nyuma ya pazia kwa kuwa yumo edani na ukumbini mlikuwa na wanaume wengine. Alisema alikuwa askari kijana, ndiyo kwanza ameoa, akazidisha likizo wiki mbili, nawe ukatumwa kijijini Uroa kumchukua. Aliposikia unapiga hodi alivaa baibui la mkewe, akajifunika uso, akatokea mlango wa uani kwa mwendo wa mwari. Ukamwona. Hukumkimbiza, ulipaza sauti tu: "Mguu sawa!"

Baibui likasimama. Visigino vikagongana, mikono ikanyooka ubavuni.

"Kijiji kizima kilikuwepo," alisema. "Nkaitwa Bi Makame mpaka nkaota mvi. Siku saba za mahabusu si kitu. Lakini alicheka, yule! Alicheka mbele ya wakwe zangu."

Nikadhani ndiyo basi, amekuja kukushitaki. Kumbe mabega yalikuwa yanamtikisika kwa kicheko. Akainuka, na umri wake ule, akatuonesha alivyosimama. Mama alicheka, Baba, eda na yote, akacheka mpaka akalia.

"Nshamsamehe zamani," Mjomba alisema. "Msikitini ulimi ulikuwa mzito. Nnaona haya tu."

Sijui nikueleze vipi. Nilikuwa kama niliyetuliwa gunia la mbata kichwani. Siku ile nilikula sahani mbili za wali, mimi ambaye tangu ufe nilikuwa nameza chai tu.

Nilipomsindikiza mlangoni akanishika mkono, na kicheko kilikuwa kimekwisha. Aliniambia kuwa Idi moja ulikwenda Uroa peke yako kumwomba msamaha kwa kile kicheko. Yeye alikuwa ndani. Akakusikiliza ukipiga hodi mara tatu na kuomba radhi nje ya mlango, hakuitikia, ukarudi zako. Hukumwambia hata Mama.

"Na yeye jee, mwanangu?" aliniuliza. "Mlango nliomfungia. Kaniachia radhi?"

Sikuwahi kukusikia ukilitaja jambo hilo, kwa wema wala kwa ubaya. Mzee wa watu amesimama mbele yangu, macho yamemjaa machozi. Nikamwambia, "Kakuachia, Mjomba."

Alilia pale pale kwenye ngazi, kisha akaenda zake mwepesi.

Ijumaa nitamleta kaburini kwako, na nakuahidi kila Idi mimi ndiye nitakayekwenda kupiga hodi kwake. Pumzika, Baba. Ila nimekusemea neno kubwa bila ya idhini yako. Kama ulikuwa bado hujamsamehe, msamehe sasa, nisiwe muongo.

Mwanao