Wanaume Wanane, Mzigo Mrefu

Jumanne

Aliyeandika ni mimi, siwezi kumsingizia mtu. "Wanaume wanane, mzigo mrefu umefunikwa, wanapokezana." Kampuni yetu inalipwa na jeshi kutazama picha za droni za milimani wanakosakwa waasi, na kazi yangu ni kuandika ninachokiona. Msimamizi akaitia ripoti yangu alama nyekundu, yaani inashukiwa silaha, akaituma jeshini kabla ya chai ya saa nne.

Mimi, mzaliwa wa Matombo, milima hiyohiyo, nimeshindwa kutambua machela! Kule kwetu gari halifiki, mgonjwa hubebwa. Hata mimi nimewahi kubebwa hivyo. Ila ukitazama toka juu ni fito na shuka tu.

Jioni mama kapiga simu. Mjomba amefia njiani asubuhi, wakimshusha hospitali.

"Walimbeba wangapi, mama?"

"Wanane. Mbona unauliza hivyo?"

Nikamuaga, nikakata simu. Mkataba unakataza kusema, hata kwa mzazi. Nikampigia msimamizi, nikamwambia yule alikuwa mgonjwa tu, nimekosea.

"Ikishatoka kwetu si yetu tena, dada."

Kesho alfajiri wanampandisha mjomba kwenda kumzika, kwa njia ileile, kafunikwa vilevile, droni ikiwa juu. Na watakaomsindikiza ni kijiji kizima.