Ufunguo wa Stoo

Mwalimu Bukuru,

Mwakeye, kwa salamu yetu ya Kiha, huko uliko. Nimekaa kwenye meza yako hapa ofisi ya elimu ya wilaya, Kasulu, ile yenye mguu mfupi, na leo kwa mara ya kwanza tangu tukuzike sioni haya kukuandikia.

Unakumbuka tulivyogombana. Nilipanga mgawo wa kompyuta za wilaya: kila shule tano, mjini tano, kijijini tano, haki imetendeka. Ukaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Ufunguo atakaa nao nani?" Nikasema moyoni, mzee kaanza. Nikaupeleka kikaoni vilevile. Ukaondoka sijakuomba radhi, Mwalimu wangu. Hilo limenila.

Kabla ya kupanga mgawo wa pili nikapanda bodaboda, nikazungukia shule. Matope ya huku unayajua. Shule moja, mwalimu mkuu akanipeleka stoo kwa fahari. Kompyuta zote tano nyuma ya magunia ya maharage, zimefunikwa kitenge cha mkewe, nailoni haijatoka. "Nimezitunza," akasema. "Mkaguzi akija atazikuta mpya." Maskini, alikuwa anasubiri nimsifu! Ufunguo kauvaa shingoni kwa kamba. Umeme wenyewe hakuna, na hofu ya kulipishwa ikiharibika hata moja ilikuwa haimpi usingizi. Nililia njia nzima, sikufichi.

Kwenye kikao cha mgawo wa pili nikasimama, nikasema mgawo wa kwanza ulikuwa kosa langu. Nikaomba shule zisizo na umeme, za Titye na Rungwe Mpya zikiwemo, zitangulie kupata sola, na walimu wafundishwe kabla ya mashine mpya kufika. Tena kitakachoharibika watoto wakijifunza, mwalimu mkuu asidaiwe. Wakapitisha. Mungu wangu, nilishusha pumzi ya miezi.

Jana nimerudi ile shule, sola inawaka. Kitenge mama kakichukua, alikuwa amekivaa. Ufunguo unaning'inia kwenye msumari mlangoni, anauchukua mwalimu yeyote mwenye kipindi. Watoto wanne kwenye mashine moja, wanasukumana, kelele mpaka barabarani.

Pumzika, Mwalimu. Nisamehe ubishi wangu. Naahidi sitapeleka mpango wowote kabla sijaandika swali lako juu ya ukurasa, kwa wino mwekundu.

Nilisahau: kompyuta moja imeshang'oka kitufe. Mwalimu mkuu alinionyesha kiganjani, anacheka.

Mwanafunzi wako mbishi,
Eliza