Piano ya Wageni

Ijumaa, saa kumi na moja jioni, Ngara. Mvua imenyesha tangu asubuhi, na ukungu umekaa juu ya kilima chetu utadhani umepanga chumba. Nguo hazikauki. Na mimi moyo haupoi.

Nimekasirika. Nianze na hilo kabisa, nisije nikajifanya mstaarabu huko mbele. Nimekasirika tangu jana saa nne asubuhi. Nimelala na hasira, nimeamka nazo, nimekunywa nazo chai.

Kwa anayepita humu kwa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu wa kinanda katika chuo kidogo cha muziki. Tuna madarasa matatu, bweni na bwalo. Chuo chetu kinaishi kwa kupewa. Mabati tumepewa, vitabu vya nota tumepewa, na posho yetu walimu inatoka kwa watu wa ng'ambo ambao wengi hawajawahi kukanyaga huku. Hata mimi nilisomeshwa na wafadhili. Kwa hiyo asije mtu akaniambia sina shukrani. Shukrani ninazo, tena tele, na ndiyo maana nimekasirika.

Ofisini kwa Mkuu wa chuo kuna piano. Piano hasa, ya mbao nzito, siyo kinanda cha kuchomeka kwenye umeme. Tulipewa na mama mmoja mzee wa ng'ambo, mwalimu mstaafu, na ilikuwa ya sebuleni kwake. Ilivuka bahari, ikapanda lori, na siku ilipofika wanaume wa kijiji walitoka mashambani kuja kuishusha. Ilikuja na barua. Mama yule aliandika kwamba piano hiyo imepigwa kila siku nyumbani kwake, kwamba hapendi hata kidogo ikae kimya, na kwamba wanafunzi waipige mpaka vidole viwaume.

Barua ile tuliitia kwenye fremu ya kioo, tukaitundika ukutani juu ya piano.

Piano yenyewe tukaitia kufuli.

Ndiyo, kufuli. Fundi seremala alitoboa matundu mawili kwenye ule ubao mzuri akafunga komeo. Kwa nini? Kwa sababu ni ya wageni! Tunajuana. Vikombe vya maua vinakaa kabatini, watoto wananywea vya plastiki. Kochi halitolewi nailoni mpaka aje shemeji. Basi na piano ikavikwa nailoni, juu ya nailoni kitambaa cheupe cha kufuma, juu ya kitambaa maua ya plastiki. Mara moja kwa mwaka wafadhili wanakuja, Mkuu anafungua, anabonyeza wimbo wa kanisani kwa kidole kimoja, picha zinapigwa, inafungwa.

Miaka miwili sasa.

Wanafunzi wangu wanajifunzia kinanda cha umeme chenye vibao vyepesi, ukikigusa kimelia. Umeme ukikatika, tunatandika boksi lililochorwa vibao vyeusi na vyeupe, wanapiga bila sauti na mimi nawaimbia nota. Msicheke. Adventina amejifunza hivyo hivyo.

Adventina ni binti wa kijiji cha Ntobeye, yuko mwaka wa tatu. Ana masikio ambayo mimi sina, na nasema hivyo bila wivu, au kwa wivu kidogo tu. Kuna nafasi moja ya ufadhili, moja tu, ya kwenda kusoma piano Mwanza na kurudi hapa kuwa mwalimu. Akiikosa, baba yake ameshasema wazi: arudi nyumbani, shamba linamngoja na posa pia inamngoja.

Jana alikuja msaili kutoka Mwanza. Mtu mpole, koti limelowa. Akasema anataka kumsikia kwenye piano, si kwenye kinanda. Mkuu akafungua kufuli huku anatabasamu. Adventina akakaa. Hajawahi kukigusa kitu kile maishani mwake.

Vidole vyake vimezoea kubembeleza. Vibao vya piano vinataka nguvu. Sauti ikatoka kwa kunong'ona, nusu nota zikapotea, na nyingine hazikulia kabisa. Akasimama katikati ya wimbo. Akaanza tena, akasimama tena. Nilimwona shingo inavyomtoka jasho na ofisi ilikuwa baridi.

Msaili akainua mfuniko wa juu achungulie kulikoni. Harufu ikatupiga. Panya walikuwa wamejenga ndani, kiota kizuri kabisa cha maganda ya mahindi na nyuzi nyeupe za pamba.

Nyuzi zile nilizijua. Kile kitambaa cheupe nilikifuma mimi.

Nilikifuma kwa mikono yangu, jioni tatu, na nilijisifu nacho. Hakuna aliyeniomba.

Msaili hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwalimu, binti huyu anasikia muziki, lakini hajawahi kupiga piano." Nikasema ni kweli, hajawahi. Akaniuliza sababu, na piano hii hapa. Nikatazama sakafu. Mdomo wangu ambao hauna breki, jana uligoma. Akasema anakwenda Biharamulo, ana mtu wa kumsikiliza huko Nyabusozi, na Jumatatu akirudi atapita amsikie Adventina kwa mara ya mwisho.

Alipoondoka nikamfuata Mkuu. Nikamwomba siku hizi nne binti aachiwe piano, asubuhi na jioni. Akanijibu kwa upole, ule upole wake unaonitia wazimu, "Mwalimu, wafadhili wakija wakakuta imechakaa, tutawaambia nini?"

Imechakaa! Panya wanazalia humo, yeye anaogopa vidole vya mwanafunzi! Hivi shukrani ni nini, kukirudisha kitu kama kilivyokuja? Yote hayo niliyasema rohoni. Mdomoni nilisema, "Sawa, Mkuu." Hilo "sawa" ndilo lililoninyima usingizi.

Sasa leo.

Kila Ijumaa kina mama wa kijiji cha Mabawe wanatuletea chakula. Maharage, ndizi, unga wa muhogo, kila mmoja na kikapu chake kichwani, mvua inyeshe isinyeshe. Walimu tunakula humo humo na wanafunzi. Nao ni wafadhili, ila hakuna aliyewahi kuwaita hivyo wala kuwapiga picha. Wanachoambulia ni kusaini kitabu cha wageni ofisini, halafu wanaondoka zao.

Leo walikuja wanane, wamelowa chapachapa. Kiongozi wao ni Mama Leokadia, mjane mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku anaegemeza mwamvuli wake unaochuruzika maji kwenye piano, akainama kusaini.

Mkuu akaruka. "Mama, hapo hapana! Hiyo ni piano!"

"Mawe!" Mama Leokadia akashika mdomo, ndivyo tunavyoshangaa huku. "Na mimi siku zote najua ni kabati la vikombe."

Nilicheka. Kisha ghafla sikuwa nikicheka tena. Miaka miwili mama huyu anaingia ofisi hii. Miaka miwili analisha chuo cha muziki, na kitu kikubwa kuliko vyote tulicho nacho yeye anakijua ni kabati.

Walipomaliza kusaini, nikachukua kitabu nikakigeuza mbele ya Mkuu. Nikasema, na safari hii nilisema kwa mdomo, "Mkuu, piano ni ya wageni. Wageni ndio hawa. Wamesaini."

Akanitazama. Akawatazama wanane wale na matone yanayodondoka kwenye khanga zao. Angesema nini? Kwamba hawa si wageni? Alitoa ufunguo mfukoni akafungua mwenyewe, na mimi nikatoka mbio kumwita Adventina.

Alipiga vibaya. Sitasema uongo kwa sababu ya kunogesha. Mwanzoni alitwanga kama anatwanga muhogo, na nota tatu hazikulia kabisa. Lakini aliuchagua wimbo wa harusi wa kwetu, ule wa kumchokoza bwana harusi mpaka aseme neno, ameupanga mwenyewe kwa mikono miwili. Kina mama wakaujua. Mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakaingia, na kila nota isiyolia wao waliijaza kwa midomo. Mara ya tatu mikono ya binti ilikuwa imeshapata uzito wake. Alipomaliza alikuwa anatikisa vidole, vinamuuma, anacheka.

Mama Leokadia akauliza ile karatasi ukutani imeandikwa nini. Nikamsomea yote kwa Kiswahili. Akamgeukia Mkuu.

"Mkuu, na maharage yangu nikija nikakuta mmeyatia kufuli ili nione hayajapungua, wewe utanifurahisha?"

Mkuu akasema, hapana mama, ila kuna utaratibu. Akaulizwa utaratibu gani. Akasema piano inafunguliwa wakija wageni.

"Ahaa," Mama Leokadia akasema, anajifunga khanga upya. "Basi kesho asubuhi tunakuja. Na jioni. Jumapili tukitoka ibadani nakuja na kwaya nzima. Tuandalie kalamu."

Wakaondoka na vikapu vitupu. Mkuu akafunga kufuli, maana utaratibu ni utaratibu, lakini nilimwona akiipima kwa macho ile safu ya majina kitabuni.

Sijapoa bado. Nimemkasirikia yeye, ndiyo, lakini kwa kiasi gani? Yeye alifunga, mimi nilipamba. Ningemwambia siku ya kwanza kabisa asiifunge, Adventina angekuwa na miaka miwili kwenye vidole vyake badala ya siku tatu. Siku tatu zitamtosha? Sijui. Nimejiuliza mpaka kichwa kinauma.

Kitambaa nimekuja nacho nyumbani. Nimekikata pale panya walipokitafuna, nikashika uzi, na sasa nakifumua safu moja moja huku naandika. Kinafumuka upesi mno kwa kitu kilichokula jioni tatu.

Jumatatu anaweza kushindwa. Lakini kesho saa mbili asubuhi piano ina wageni, na jina la kwanza kitabuni litakuwa langu.