Mashavu ya Jaha

Kizota, Juni 1996

Dada Anifa, msomi wetu,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, tena nazidi kupendeza. Hapa gereji wananiita Injinia, ingawa darasa la saba nilitokea dirishani.

Barua yako nimeisoma. Eti unataka kuacha shahada ya lishe uchague biashara, kisa nilikucheka kwamba unakwenda chuo kikuu kusomea kula!

Sasa sikia. Jaha, mtoto wa dada yetu Salha, alivimba mashavu, nasi tukamsifu kwamba amenona. Kumbe ni uji mtupu kila siku. Hospitali wakasema utapiamlo. Tumemzika Ijumaa.

Chagua lishe. Ila ukirudi usituhubirie mayai. Kuku tunao, mayai Salha anayauza, anunue unga.

Nduguyo,
Swalihu