Eti Nyasi Zinapandwa

Jumatatu, 12 Januari
Palizi tena. Mgongo unaniuma. Baba Kulwa kapita na ng'ombe, kacheka: "Mama Kulwa, unang'oa nyasi ili upande nyasi?" Nimechoka kumweleza. Hizi ni mbegu chotara, unakata zinachipua, nyingine unakausha ziwe hei ya kiangazi. Kwao Usukumani, eti, nyasi huota zenyewe. Basi turudi huko.

Jumamosi, 24 Januari
Mkutano wa kijiji. Ng'ombe wameingia kwenye ufuta wa watu. Si wetu, lakini wafugaji wote tumetazamwa vibaya. Mwenyekiti kasema familia ambayo ng'ombe wake watarudia, ihame kutoka hapa Mbwemkuru. Tumeshahama mara mbili. Sihami tena. Njiani nikamweleza tena Baba Kulwa: nyasi zangu ni za kuwalisha ng'ombe nyumbani, wasizurure. Nikadhani kaelewa.

Jumatano, 4 Februari
Hakuelewa. Nimetoka sokoni Ruangwa, nakuta kundi zima kwenye nyasi zangu. Miiba ya uzio kaisogeza mwenyewe. Hazijashika bado, zinang'oka na mizizi. Nimepiga kelele mpaka jirani yetu Mama Somoe kaja mbio, kadhani nyoka.
"Si ulisema ni za ng'ombe?" ndiyo jibu la mume wangu.
"Zikishika, Baba Kulwa! Zikishika!"
Nimelia. Hasira tupu.

Alhamisi, 5 Februari
Sisemi naye.

Jumapili, 8 Februari
Mvua nzuri. Nimepasua mashina yaliyopona, naziba mapengo. Mama Somoe kaja na jembe lake. Kaniambia wazi: "Sikusaidii wewe, mwanangu. Nailinda mikorosho yangu na ng'ombe wenu." Afadhali yeye, anajua anachotaka.

Jumanne, 12 Mei
Tumekata, tumeanika. Jioni mvua. Mwezi huu! Nimekimbia na turubai. Baba Kulwa kashika ncha ya pili bila kuitwa. Sikumshukuru. Upande mmoja umelowa, utaoza.

Ijumaa, 18 Septemba
Porini vumbi tupu. Ng'ombe wetu wako zizini, wanatafuna hei. Binamu yake Baba Kulwa, mfugaji wa Kiegei, kaja kutazama. Nilikuwa nachemsha maziwa, nikawasikia nje.
"Usiwaingize mapema," mume wangu anamfundisha, sauti ya bwana shamba kabisa. "Zinang'oka hizi. Zinataka subira."
Subira. Yeye.
Nikaepua maziwa. Nikawapelekea vikombe viwili.