Vitunguu vya Jatin na Miraba Yangu

Jumamosi, 12 Julai 2025

Sijawahi kumwambia mtu yeyote. Nikijifunika blanketi na kitabu cha Jiografia, sisomi Jiografia. Nacheza Bustani ya Malaika. Unagusa maua matatu ya rangi moja, yanapasuka, petali zinaruka, kengele inalia. Basi. Hakuna kingine! Nimefika leveli ya mia sita na kitu na sijatumia akili hata mara moja. Lakini ule umande juu ya petali — aliyeuchora hakulala.

Mama huniletea chai kwa sababu mtoto anasoma. Naipokea. Nainywa.

Naandika haya kwa sababu jana Madam Evarista, mlezi wa klabu yetu ya kompyuta, aliniteua mimi na Jatin tutengeneze gemu la shule kwa maonyesho ya Iringa. Na mimi, mbele ya klabu nzima, nikasema kwa sauti ya mbu kwamba gemu zuri ni lenye kina, picha ni mapambo tu. Unafiki mtupu.

Jumapili, 13 Julai

Babu Jailos amefika kutoka Tukuyu. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Jumanne ya wiki ijayo atapasuliwa moja hapa mjini. Kwa sasa anaona watu kama nguzo na nguzo kama watu. Ameisalimia friji yetu kwa heshima zote.

Nyumba imekuwa na sheria za barabarani. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe wake — hawatazamani, hawazungumzi, hawakai chumba kimoja. Majirani wengi wameacha. Mama hajaacha. Akitaka kupita ukumbini anakohoa, na Babu anageukia ukuta. Babu haoni kitu, na bado anageuka! Nikamwuliza Mama: kama haoni, kuna haja gani?

"Mimi naona," akasema.

Baba yuko safarini na lori, kwa hiyo mjumbe ni mimi. Mwulize kama ameshiba. Mwambie nimeshiba. Mwambie sukari iko kulia. Kulia kwake au kwangu?

Jumanne, 15 Julai

Gemu litaitwa Basi la Igawa. Tumekubaliana hapo tu. Basi linasimama Igawa, wauzaji wa vitunguu wanayakimbilia madirisha. Kila mtu wa njia hii anajua.

Langu: watu wawili, simu moja, zamu kwa zamu. Wauzaji wako ni miraba myeusi, wa mwenzako myeupe. Kila zamu unamweka mmoja dirishani. Muuzaji akibanwa pande zote mbili, anaondoka na vitunguu vyake. Unaweza kumwacha wako abanwe makusudi, kama chambo. Nimelifikiria tangu Pasaka.

La Jatin: unagonga dirisha, kitunguu kinaruka ndani. Unagonga tena, kinaruka tena. Lakini kitunguu chenyewe! Ganda linang'aa, lina ile mishipa ya zambarau. Vumbi linapita, abiria mmoja anajiziba pua kwa mtandio. Jatin amekulia kwenye duka la vitambaa la baba yake, mzee Vinubhai. Rangi anazijua kuliko majina ya binamu zake.

"Isa," akaniambia, "mtu akiona gemu lako atadhani simu imeharibika."

Nikatafuta jibu. Nimelipata sasa hivi, kitandani: "Na lako, mtu akishaliona amelimaliza." Kwa nini majibu yangu huja na basi la mwisho?

Alhamisi, 17 Julai

Klabu wamejaribu yote mawili.

Kwa Jatin walisongamana mpaka benchi likapinduka. Oya, cheki vumbi! Kitunguu nasikia mpaka harufu! Kisha — na hili niliweza kuliona kwa sababu sikuwa na wateja — kila mmoja aligonga kidogo, akasema "zuri sana", akarudisha. Maneno hayo hayo, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyeomba tena.

Kwangu alikuja Devotha peke yake. Akalitazama kwa huruma. Akauliza kama ni kalenda.

Kura: la Jatin. Madam akasema waamuzi wa Iringa hupita meza kwa meza, hawana muda wa kukaa. Tutume Ijumaa ijayo jioni, mwisho saa kumi na mbili. Halafu akanigeukia: "Isakwisa, una la kusema?"

Nilikuwa nalo! Lilikuwa limefika hapa, kooni.

"Sawa, Madam."

Nyumbani nikapasua maua mpaka chaji ikaisha.

Jumamosi, 19 Julai

Babu amechoka na redio. Akataka kujua nafanya nini na simu. Nikamwonyesha la Jatin kwanza, ili nisionekane najipendelea.

"Naona ukungu. Wapi huku?"

Igawa, Babu.

"Igawa hakuna ukungu."

Nikamfungulia langu. Akaisogeza simu mpaka ikamgusa pua. "Hawa weusi ndio wangu? Ndaga, asante. Anza."

Amenifunga. Akanifunga tena. Mara ya tatu alinionea huruma kwanza, ndipo akanifunga. Akasema anataka mpinzani mwenye meno.

Nikaenda jikoni kuomba ushauri. Mama akafuta mikono kwenye kanga, akatazama, akaniuliza sheria, akamweka muuzaji wangu dirisha la nyuma kabisa, ambako hakuna mtu. Nikarudisha simu ukumbini.

Babu akaisogeza simu puani. Akaisogeza tena.

"Isakwisa, akili hii umeinunua duka gani?"

Ugali umeungua. Nimetembea jikoni na ukumbini mpaka nyayo zinawaka. Babu kafungwa! Nilipompelekea Mama habari alijiziba mdomo. "Jamani, nimemfunga baba mkwe! Usithubutu kusema ni mimi." Kisha akachungulia sufuria, akakoroga kidogo. "Mwulize kama anarudia."

Jumapili, 20 Julai

Babu alishajua. Mchana aligeukia ukuta, akasema kwa sauti ya kufika jikoni: "Isakwisa, mwambie huyo uliyemficha asiniachie ushindi. Sijaja hapa kubembelezwa."

Jikoni kitu kikaanguka. Mfuniko, nadhani.

Wameendelea. Katikati ya mchezo wa tatu au wa nne Babu akasema, "Mwulize kama amewahi kuuza Igawa. Anasimama dirisha la nyuma kama mtu aliyekwishakanyagwa kwenye la mbele."

Nikapeleka swali, ingawa nyumba nzima imelisikia.

"Mwambie niliuza. Miaka miwili, kabla ya kuolewa. Vitunguu na mchele."

Nikarudisha jibu, ingawa nalo lilikuwa limesikika. Babu alikaa na simu mapajani bila kucheza.

"Miaka yote hii sikujua," aliuambia ukuta.

Mama akawa amesimama nyuma ya mlango wa jikoni. Niliona pindo la kanga yake. Halikuondoka upesi.

Wataendelea Babu akitoka hospitali, wamesema wote wawili. Kila mmoja kwa wakati wake, kwangu.

Jumatano, 23 Julai

Jana upasuaji, leo bandeji imetolewa. Babu anaona! Kutoka hospitali mpaka hapa Uyole amesoma kila kibao kwa sauti, hata cha kukataza watu kukojoa ukutani. Kufika nyumbani akaitambua friji. Akaiambia samahani.

Kisha akadai simu. Akaitazama miraba. Akanitazama mimi.

"Kumbe ndivyo lilivyo? Baya hivi?"

Ndivyo, Babu.

"Na mimi nililichezaje?"

Akakumbuka lile la ukungu. Nikamfungulia. Lo! Angalia kitunguu! Angalia yule mama na mtandio wake! Anaziba pua, amenikumbusha dada yangu! Amegonga mchana kutwa, jicho moja limefunguka kama la mtoto. Sikuwa na moyo wa kumnyang'anya.

Mama jikoni aliuliza kama zamu yake imefika. Bado, Mama. Akauliza tena wakati wa chai. Bado. Jioni hakuuliza.

Jumamosi Babu anarudi Tukuyu.

Jatin alikuwa sahihi tangu mwanzo. Shahidi wake wa kwanza ni mimi, leveli ya mia sita na kitu.

Ijumaa, 25 Julai

Nitaandika upesi, mambo bado yanaendelea.

Jatin alikuja na laptopu baada ya shule, maana Madam anataka tutume tukiwa wote wawili. Akamkuta Babu ukumbini anagonga vitunguu. Tabasamu lake likafika masikioni.

"Shikamoo, mzee. Isa, umeona? Hata babu yako!"

Ndipo ujumbe ukaingia juu ya skrini. Babu, ambaye siku hizi husoma kila kinachosomeka, akausoma kwa sauti: "Malaika wanakungoja, usichelewe!"

Simu nusura imponyoke.

"Malaika gani wananingoja? Juzi tu nimepasuliwa!"

Jatin akaipokea simu amtulize. Akagusa. Bustani ikafunguka yote, na umande wake. Akatazama namba pembeni. Akanitazama mimi.

"Leveli mia sita thelathini? Wewe? Wewe wa kina?"

Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nilitamani kuingia ndani ya friji.

Babu hakucheka. Alipohakikishiwa kwamba hakuna anayemngoja mbinguni, akarudi kwenye vitunguu. Akagonga. Akasimama.

"Kijana, hapa nambana nani?"

"Humbani mtu, mzee. Unagonga tu."

"Na upande wa pili yupo nani?"

"Hakuna mtu."

"Hakuna mtu." Akagonga mara moja zaidi, kwa adabu. "Zuri sana," akasema, akamrudishia Jatin simu.

Jatin akaacha kucheka. Kumbe naye aliyasikia maneno hayo siku ile kwenye klabu. Nilidhani ni mimi tu.

Akafungua laptopu. Mafaili yote mawili yalikuwa pale, lake na langu. Saa kumi na mbili ilikuwa inakaribia. "Basi nitume langu," akasema, lakini taratibu, kama anayeuliza. "Sawa?"

"Hapana."

Nilidhani ni mtu mwingine amesema.

"Hapana nini?"

"Si sawa. Lako ni zuri, Jatin. Ukilifunga nalikumbuka lile vumbi. Maua nayo ni mazuri, ndiyo maana yananishika. Lakini malaika hawaningoji kweli. Mama anangoja."

Nilisema kwa sauti kubwa! Sauti yangu! Jikoni maji ya bomba yakafungwa. Babu akageukia ukuta, mbio, ingawa hakuna aliyekohoa.

"Tunatuma la miraba?" Jatin akauliza. "Isa, watacheka. Watauliza kama ni kalenda."

"Wacheke. Halafu wakae wawili wacheze."

Jatin alikuwa anatazama mlango wa jikoni, ambako pindo la kanga lilikuwa limeonekana, na mgongo wa Babu, na mlango tena. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe, lakini sikuona kipo kwenye faili gani.

Nikachukua simu. Nikafungua miraba. Mchezo wa Jumapili ulikuwa pale pale ulipoachwa. Nikamwekea Babu mapajani, nikamwambia ni zamu yake tangu siku hiyo.

Akaitazama kwa jicho lake jipya. "Baya," akasema. Akafikiri. Akamweka muuzaji dirisha la nyuma, ubavuni kwa wa Mama. "Peleka."

Nikamwacha Jatin na laptopu wazi, sikumtazama kidole. Nikaenda na simu jikoni. Mama alikuwa ameshafuta mikono.